Wahisani wa Gari Langu

Gari kuukuu haliharibiwi na uzee. Atakayekuambia kwamba chuma huliwa na chumvi ya bahari, na mpira hukaushwa na jua, na waya huchakaa kwa kupita zamani, huyo amesema kweli, walakini hajasema nusu yake. Kwa kuwa chumvi na jua ni maadui wenye adabu, ambao huja polepole, na huchukua kidogo kidogo, na humwachia mwenye mali wasaa wa kuhuzunika, ilhali mhisani, yule jirani mwema apitaye njiani akaona boneti imefunguliwa, akaegemeza baiskeli yake ukutani, akapandisha mikono ya kanzu, akasema, "Hebu nikusaidie, Bwana Karani," huyo kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa huweza kutenda ambalo Bahari ya Hindi haikuliweza kwa miaka 60.

Nayasema haya bila ya kinyongo. Nimekuwa karani wa mahakama umri wangu wote wa kazi, nimeandika maneno ya wadai na wadaiwa mpaka vidole vikapinda, na nimejifunza kwamba madhara makubwa ya dunia hii aghalabu hayatendwi na watu wabaya. Sikujua tu kwamba siku moja ushahidi wake wote ungekusanyika uani kwangu, Chumbageni, katika mji wa Tanga.

Gari lenyewe ni MGB la mwaka 1964, la watu wawili, lenye magurudumu ya spoki na paa la turubai. Gari la namna hii lilianza kutolewa mwaka 1962 katika kiwanda cha Abingdon, karibu na mji wa Oxford kule Uingereza, na kilipofungwa kiwanda hicho mwaka 1980 yalikuwa yamekwisha toka zaidi ya laki tano, pamoja na yale yenye paa la bati. Mengi katika hayo yalivuka kwenda Marekani. Hili langu lilikuja Tanga, siku ambazo mkonge ulikuwa ukijaza meli bandarini, na mwenyewe wa kwanza, kwa niliyoelezwa, alikuwa meneja wa shamba moja la mkonge, ambaye hakuwa na mke wala watoto wala mizigo, yaani mtu pekee aliyefaa kuwa nalo. Baada yake lilipita katika mikono nisiyoijua, hata likaangukia kwa mtu mmoja niliyemdai fedha. Naye nilipomwendea kudai, aliapa kwamba hawezi kunilipa fedha, mtu wa heshima kama mimi, bali atanipa kitu kilichoishinda fedha kwa thamani. Hiyo ndiyo hisani iliyozaa nyingine zote.

Mama watoto alilizunguka mara moja likiwa bado juu ya gari la kukokota, akauliza: "Sisi tu watu saba. Watano watakaa wapi?" Nikamjibu kwamba gari hili si la kubeba watu. Akauliza, basi ni la kubeba nini? Swali hilo halikuhusiana na shauri lililokuwa mbele yetu, nami sikulijibu. Tukaliweka chini ya banda la makuti, mahali palipokuwa pa kuku. Kuku walihamishwa, wakakata rufaa, wakashinda, na tangu siku hiyo yuko kuku mmoja mkubwa mweusi (watoto wamempa jina la Tembo) ambaye hutagia kiti cha abiria na hakubali kiti kingine.

Mhisani wa zamani kuliko wote simjui kwa sura, nimemjua kwa athari zake. Lazima msomaji afahamu kwamba MGB halina fremu iliyo mbali na bodi, kama lori lilivyo. Nguvu yake yote, na hasa kwa kuwa halina paa la kulishikilia kwa juu, imo katika vizingiti viwili vya bati vipitavyo chini ya milango, kulia na kushoto, navyo vina uwazi ndani, na maji yakiingia humo hayana haraka ya kutoka. Sasa mmoja katika wamiliki waliotangulia, alipoona vizingiti vimetoboka, aliona vema kuvisaidia kwa kuvishindilia magazeti, akapaka lipu ya pati juu yake, akapiga rangi. Nilipokwangua rangi hiyo kwa bisibisi, bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini, na ilipotoka ilitoka na habari. Kazi ya asubuhi ile haikuendelea tena. Nilikaa juu ya ndoo nikasoma tangazo la baiskeli, na bei ya mchele wa zamani iliyonitia huzuni, na kisa cha mpira wa miguu kilichoandikwa kwa ufundi wa ajabu, chenye ghasia na mkwaju wa penalti dakika za mwisho, ila kipande kile chenye matokeo kilikuwa kimekwisha liwa na kutu. Hata leo sijui nani alishinda.

Kuondoa magazeti ni jambo moja, kurudisha bati ni jingine. Yupo jirani yangu mchomeleaji, fundi hodari wa mageti na nondo za madirisha, ambaye aliposikia kwamba nataka kumwita makanika kutoka mbali, alihuzunika hadi machozi yakamlengalenga. "Majirani tupo, Bwana Karani, na wewe unatoa fedha nje?" Nikamwonyesha kitabu, ambamo imeandikwa kwamba kabla hujakata kizingiti cha gari hili ni wajibu uliegemeze tumboni, na uwanja wa mlango uukaze kwa chuma cha kupitisha, la sivyo gari litajikunja katikati. Akakitazama kitabu kwa heshima, akanirudishia, akaliinua gari kwa jeki mbili, moja mbele na moja nyuma, akakata.

Hapakuwa na kishindo. Palikuwa na mlio mdogo, wa mtu aliyeketi baada ya safari ndefu, na tumbo la gari likashuka kuelekea ardhini kwa utaratibu na taadhima. Mlango wa kulia, uliokuwa wazi, ukakataa kufungika. Na wa kushoto, uliokuwa umefungwa, ukakataa kufunguka. Kuku mweusi akatoka kwa juu, bila ya hamaki. Fundi alisimama muda, akapapasa mlango mmoja, akapapasa na wa pili, kisha akatoa hukumu: "Milango yako imevimba. Ni unyevu."

Ilitubidi tuliinue tena kwa katikati, jeki juu ya gogo la mwembe, huku watoto wa mtaa wakipiga kelele kila mlango ulipokaribia kukubali, na hapo ndipo alipochomelea vizingiti vipya, imara kupita kiasi, kwa bati la mageti. Na kwa kuwa mkono wa fundi una mazoea yake, upande wa kushoto kwa chini aliweka na ua la chuma, lenye majani manne, ambalo halionekani ila kwa mtu aliyelala chali. Milango sasa hufunga yote miwili, lakini wa kulia hufunga pale tu dereva akiwa ameketi, kwa hiyo gari huachwa wazi kila linapopumzishwa. Ujira hakutaka. Ujira ungekuwa nafuu.

Mpwa wangu aliyeko Maskati naye hakupenda kuachwa nyuma katika kheri. Akaniandikia kwamba yeye ameuliza, na ya kwamba tangu mwaka 1988 kule Uingereza yametengenezwa upya mabodi mazima ya MGB, kwa vyombo vilevile vya asili, kwa hiyo Mjomba asihangaike na vizingiti, anunue bodi jipya. Nilikaa nikapiga hesabu ya nini kingebaki cha gari langu baada ya kununua bodi jipya, kwa kuwa injini nayo wakati ule ilikuwa kwa mhisani mwingine, nikaona kwamba ningekuwa nimemiliki kuku na nembo ya pembe nane. Hakuvunjika moyo. Nilipomwambia kwamba usukani una mchezo, akaagiza raki mpya ya usukani, akailipia yeye, ikaja kwa mtu aliyekuwa akirudi nyumbani Idd, imefungwa vizuri katika kanga. Ni kifaa kizuri mno. Ni ya magari ya usukani wa kushoto, ambayo ndiyo yaliyopelekwa Marekani na ndiyo yaendayo katika njia za Maskati anazoziona yeye kila siku, na kwa gari letu la usukani wa kulia haifai kwa lolote. Mama watoto ameiweka sebuleni, juu ya kabati, na wageni huiuliza.

Mintarafu ya umeme, hapa ningependa kwenda polepole. Magari ya kizazi hiki, yaliyotoka kabla ya 1967, yana tabia ambayo kijana wa leo hawezi kuiamini mpaka imuunguze: ncha chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, na hasi ndiyo itembeayo katika waya, kinyume cha magari yote apitayo nayo mtu mjini sasa. Tena betri zenyewe si moja, ni mbili, kila moja ya volti 6, zimelazwa katika visanduku viwili nyuma ya viti, zikaunganishwa zitoe 12. Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, ana kibanda cha kutengeneza redio na simu Ngamiani, na sifa yake imefika hata Muheza. Akaja Ijumaa baada ya swala na redio mpya ya gari, hidaya, yenye taa za buluu.

Nikamwambia: "Shemeji, angalia, chanya iko kwenye bodi."

Akanitazama kwa huruma ile wanayokuwa nayo wataalamu kwa waume wa dada zao. "Shemeji," akasema, "umeme ni umeme."

Nikarudia. Akaniomba nimletee maji ya kunywa. Nilipokuwa jikoni alikwisha ifunga, ganda la redio likashikana na bati la gari, akazungusha swichi. Redio haikusema neno. Taa za buluu ziliwaka, zikapendeza, kisha ukatoka moshi mweupe mwembamba, ukapanda wima kwa kuwa siku ile hapakuwa na upepo, na mtaa mzima ukauona. Moshi ulikwisha wenyewe kabla sijafika na bilauri ya maji. Lakini moshi ukisha kuonekana, hapana wa kuwaambia watu kwamba umekwisha. Walikuja kwa ndoo. Walikuja kwa sufuria. Bibi mmoja, Mungu amlipe, alikuja na maji ya kuoshea mchele. Waliimwagia redio, wakaimwagia injini iliyokuwa haina hatia, wakavijaza visanduku vya betri vyote viwili, na aliyechelewa, kwa kuwa hakupata maji, alitia mchanga. Shemeji alisimama kando akipangusa mikono. "Gari hili umeme wake umekaa kinyume," akawaambia watu, "nilimwambia." Mzee mmoja akashauri lisomewe.

Ya spana nitayapita mbio, kwa kuwa yananitia ghadhabu. Nati za gari hili ni za inchi. Dereva mmoja wa daladala, sahibu yangu, alinikuta nikitafuta spana ya nusu inchi, akaniletea yake ya milimita 13, akisema ni hiyohiyo. Nusu inchi ni milimita 12.7. Tofauti ya sehemu tatu za kumi za milimita, katika maisha ya mwanaadamu, ni kitu cha kusameheana. Ila yeye ana mikono ya mtu aliyebadilisha matairi ya daladala kwa miaka mingi, akavuta mara moja, na nati iliyokuwa na pembe sita ikabaki haina hata moja. Nati hiyo ipo mpaka leo, mviringo, inang'aa, na kila makanika akiiona hukumbuka kwamba ana kazi mahali pengine.

Ama kisa cha mafuta ya nazi, hicho kina hikima ndani yake, na mwenye kukileta alikuwa mtu wa hikima. Gari lina kabureta mbili za SU, na juu ya kila moja pana kuba dogo la chuma, ambamo pistoni hupanda na kushuka kwa mvuto wa pumzi za injini. Na ili pistoni isirukeruke, katika shina lake hutiwa mafuta mepesi, kiasi cha kijiko, kwa kufungua kifuniko cha juu. Nilikuwa nimeishiwa nayo. Mzee mmoja wa barazani kwetu, aliyepata kuwa serahangi katika vyombo vya pwani, akauliza mafuta hayo ni ya namna gani. Nikamwambia ni mepesi, safi, yasiyo na gundi. "Basi hayo si ya nazi?" akasema. Baraza yote ikaafiki. Yakaletwa mafuta mazuri ya kukamua nyumbani, yakatiwa mchana wa jua kali, na gari likaenda mpaka Raskazone na kurudi, laini, tukamsifu mzee.

Ulikuwa mwezi wa Julai, kusi imeshika. Kila mwanamke wa pwani anajua kwamba katika miezi ile chupa ya mafuta ya nazi ikilala dirishani huamka nyeupe, imeganda, kwa maana mafuta yale huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Kila mwanamke anajua, na hapana mwanamke aliyeulizwa. Alfajiri gari liliwaka, likanguruma kwa adabu, lakini nilipokanyaga mafuta lilikohoa; nikikanyaga zaidi, likikohoa zaidi. Baraza ikakutana kabla ya chai. Mmoja alisema ni plagi, mwingine pampu, wa tatu akataja husuda na akamtazama mtu. Mimi nikaendelea kukanyaga, gia imekwisha ingia, kwa amri ya wote waliokuwa wakinielekeza kwa pamoja; joto la injini likapanda, nazi ikayeyuka, pistoni zikaachiwa, na gari, lililokuwa likiombwa kwa muda mrefu hivyo, likakubali kwa mara moja. Uzio wa kuku ulikuwa wa zamani na ulihitaji kubadilishwa.

Mama watoto alitoka, akanusa kuba la kabureta, akasema, "Hii ni nazi yangu," akarudi ndani.

Nisimsahau mgongaji. Pampu ya petroli ya gari hili ni ya umeme, imejificha chini kwa nyuma upande wa kulia. Ukifungua ufunguo hulia tik-tik-tik mpaka kabureta zijae, kisha hunyamaza. Yakishikana madini ya ndani yake, hailii, na dawa ni kuigonga kidogo kwa kijiti. Kazi hii nilimfundisha mtoto wa jirani, wa miaka 9, naye ameifanya kuwa cheo. Ana kijiti chake mwenyewe cha mkwaju, na hamruhusu mtu mwingine kulala chini ya gari.

Basi kwa hali hiyo ndipo nilipoombwa gari kwa ajili ya arusi ya mwana wa jirani, nami nikaona haya kukataa. Usiku wa kuamkia siku yenyewe, vijana wa timu ya mpira walijitolea kuyavua magurudumu wayasugue spoki. Kila gurudumu limeshikwa na nati moja kubwa yenye mabawa, nayo hufunguka kwa kupigwa nyundo kwa mwelekeo ule liendao gurudumu gari likisonga mbele, kwa hiyo upande wa kushoto hufunguka kama nati zote za dunia, na wa kulia hufunguka kinyume. Nililisema hili kwa sauti. Walikuwa wanaimba. Magurudumu ya kushoto yalivuliwa, yakasuguliwa, yakang'aa. Ya kulia walipokezana nyundo mpaka saa nne za usiku, wakiyakaza, na tangu hapo magurudumu hayo na ekseli zake ni ndoa isiyo na talaka.

Siku ya arusi ilikuwa ya vuli. Bwana arusi alitoka na joho na kilemba, akaketi penye kiti cha kuku, kilichofunikwa mkeka mpya. Mpambe wake, kwa kuwa hapana kiti cha tatu, akakaa juu ya betri. Tukaenda kwa fahari mpaka njia panda, na hapo mvua ikaanguka. Turubai la gari hili halikunjuliwi kwa kuvuta. Huhifadhiwa katika buti pamoja na vyuma vyake, kisha husimamishwa kipande kwa kipande. Ami zake bwana arusi walichukua kila mmoja chuma chake, na kila mmoja alikuwa na madhehebu yake juu ya kinapokwenda, na wakati turubai lilipokaribia kufanana na paa, mvua ilikuwa imekwisha, na bwana arusi alikuwa ametota sawasawa. Nikafungua ufunguo. Pampu haikulia. Nikaita mgongaji, mgongaji alikuwa nyumba ya maharusi, anakula pilau.

Wakagonga watu wote. Waligonga mudigadi, wakagonga boneti, mpiga tarumbeta akagonga taa kwa tarumbeta. Kisha akatokea mtu akasema neno ambalo watu wa mji huu wamelingojea tangu gari lilipoingia: "Tulisukume!" Na likasukumwa. Matarumbeta yakaja mbele, matari yakaja kando, ami wanne wakashika nyuma na vijana wa timu wakashika mabawa, wanawake wakapiga vigelegele madirishani, na kwa kuwa injini ilikuwa imenyamaza kila kaswida ilisikika herufi kwa herufi. Bwana arusi akafika mwendo wa jongoo, ameketi wima, kila mtu amemwona, na wazee wakakiri kwamba haijapata kuonekana Tanga arusi ambayo ukoo mzima umemfikisha kijana wao kwa mikono yake.

Tangu hapo nabishiwa hodi na wenye arusi. Huja kwa heshima, na bahasha hukabidhiwa mama watoto, ambaye ameshika daftari la tarehe na ameacha kuuliza maswali, na sharti lao wote ni moja, hunong'onezwa kabla ya kuaga: "Bwana Karani, tafadhali, usije ukalitengeneza." Nimewapa ahadi. Mchomeleaji anataka kuongeza vishikio vya kusukumia, vyenye maua. Na shemeji amesikia kwamba wateja wangependa kipaza sauti cha kaswida, amepata kimoja kizuri, anakifunga yeye bure. Nimemwambia chanya iko kwenye bodi. Amecheka, amesema sasa anaijua, atakuja Jumamosi mapema.